Twahara na Sala kwa Wapandao Mlima Kilimanjaro

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Vijana wengi wa Kiislamu wa Bomang'ombe, Machame na Moshi hupata riziki yao kwa kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Wako waongoza wageni, wapishi na wapagazi, ambao wenyewe huitana "wagumu". Safari ya njia ya Machame huchukua siku sita au saba, na usiku hulalwa kwenye mahema. Wapo wanaoacha sala mpaka washuke, wakidhani baridi ni udhuru. Wapo pia wanaojilazimisha kutawadha kwa maji ya barafu mpaka wakajidhuru. Sheria haikuamrisha hili wala lile.

Maji yanapokuwapo kwa kiasi

Katika njia hiyo, bonde la Karanga ndipo mahali pa mwisho pa kuchota maji. Kambi ya Barafu, iliyo juu zaidi ya mita 4,600, haina maji. Yale yaliyopo yamebebwa na wapagazi kwa ajili ya kunywa na kupikia, tena ni mali ya msafara. Maji yanayohitajika kwa kiu huhesabiwa kisheria kama hayapo, na mali ya mtu haitumiwi bila idhini yake. Basi hapo mtu atatayamamu, kwa ruhusa ya aya ya 43 ya Suratun-Nisaa na aya ya 6 ya Suratul-Maidah.

Maji yakiwapo lakini baridi inahofiwa kudhuru, kwanza ayapashe moto akiweza. Asipoweza, atatayamamu. Katika vita vya Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 Hijria, Amr bin Al-As (R.A.) alipatwa na janaba usiku wa baridi kali. Akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Alipoulizwa na Mtume (S.A.W.), alitoa hoja kwa aya ya 29 ya Suratun-Nisaa inayokataza kujiua. Mtume akacheka, wala hakusema neno. Ameipokea Abu Daud.

Je, sala hiyo itarudiwa? Kwa madhehebu ya Shafi, aliyetayamamu kwa ajili ya baridi atairudia, kama alivyoeleza Imam Nawawi katika Minhaj. Ama aliyekosa maji mahali ambapo kwa kawaida hayapatikani, kama Barafu, hairudii. Wanachuoni wengine wameona hata wa baridi harudii, kwa hadithi ya Amr.

Waelekeao kileleni huondoka Barafu karibu na saa 6 usiku, na Alfajiri huwakuta njiani. Tayamamu ifanywe baada ya wakati kuingia, na kwa udongo wenye vumbi. Anayehofia kukuta theluji tupu abebe udongo mkavu kidogo. Qibla ni kaskazini, ikielemea mashariki kidogo.

Kupunguza sala

Tayamamu hufuata maji na madhara, lakini kupunguza sala hufuata masafa, takriban kilomita 81 kwa kwenda tu. Mkazi wa Bomang'ombe apandaye kwa Machame, ukijumlisha barabara na njia ya miguu, hafikii kiwango hicho. Atasali sala kamili, kila moja kwa wakati wake. Mwenzake aliyetoka Dar es Salaam kwa safari hiyo ni msafiri, na hema lao ni moja. Anayepitia Sanya Juu, Londorossi na Lemosho apime safari yake upya, kwani njia ndefu iliyofuatwa kwa haja ya kazi huhesabiwa kwa urefu wake.

Enyi maimamu, vijana hawa watakuulizeni kabla ya kupanda. Kumbukeni yule aliyejeruhiwa kichwani, akaambiwa na wenzake lazima aoge janaba, akaoga na kufa. Mtume (S.A.W.) aliwalaani waliomjibu bila elimu. Jawabu la haraka linaweza kumwua mtu mlimani, na ukimya wetu unaweza kumwachisha sala.

Wallahu a'lam.