Programu huria za tovuti: Wa kuitunza atafutwe kwanza

CHAMA cha msingi cha wakulima wa kahawa, shule au kituo cha redio wilayani Karagwe au Kyerwa kinapotaka kuwa na tovuti, swali la kwanza huwa ni programu ipi itumike kuiendesha. Programu huria hupendekezwa zaidi kwa sababu hazina ada ya leseni. Hata hivyo, unafuu huo si faida yake kubwa kuliko zote.

Programu hizo huwekwa kwenye seva na kutunza habari na bei katika hifadhidata, hivyo karani mwenye nywila anaweza kubadili taarifa bila kuwa mtaalamu wa kompyuta. Zinazojulikana zaidi ni Drupal ya mwaka 2001, WordPress ya mwaka 2003 na Joomla ya mwaka 2005. Zote tatu hutolewa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuzitumia, kuzirekebisha na kuzisambaza.

Jina Joomla limetokana na neno la Kiswahili "jumla", na chimbuko lake linaonyesha faida ya leseni hiyo. Mwaka 2005 watayarishaji wa programu iliyoitwa Mambo walitofautiana na kampuni ya Australia iliyomiliki jina hilo. Jina lilibaki kwa kampuni, lakini wao waliendelea kihalali na kazi ileile kwa jina jipya.

Vivyo hivyo, chama kilichopo Kayanga au Nkwenda hakilazimiki kumtegemea fundi mmoja wa Bukoba au Dar es Salaam. Akiondoka, mwingine anaweza kuendelea, mradi anwani ya tovuti imesajiliwa kwa jina la chama, na chama chenyewe kina nywila kuu na nakala ya hifadhidata.

WordPress, inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani, hufaa kwa habari na matangazo, na mafundi wake ni wengi. Drupal hupanga vyema taarifa nyingi za aina mbalimbali, lakini huhitaji mtaalamu. Joomla iko katikati.

Pamoja na hayo, kasoro ya usalama inapotangazwa, wavamizi nao huisoma. Joomla 3 iliacha kupatiwa marekebisho Agosti 2023, na Drupal 7 Januari 2025. Tovuti iliyobaki na matoleo hayo imo hatarini.

Hasara yake si ya kompyuta pekee. Mkulima anayesoma kwenye simu bei ya msimu uliopita, akidhani ni ya leo, anaweza kuuza kwa hasara, au kuingia katika butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua programu, chama kimteue mtu wa kuweka marekebisho na kuhakiki bei, na kitenge fedha za kazi hiyo. Kama mtu huyo ni karani mwenye kazi nyingine, programu nyepesi yenye kurasa chache itamfaa kuliko yenye uwezo mkubwa isiyo na mtunzaji.