Fahamu: Kimo cha gari la mashindano hupimwaje?

Desemba 2024, jijini Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1. Kwenye barabara za mlimani za Nyakabanda, mtaa wa jiji hilo, tuta moja tu lingekwangua tumbo la magari ya mbio hizo, maana kimo chake ni kidogo.

Kimo hupimwa kutoka ardhini hadi chini ya bodi, gari likiwa kwenye sakafu tambarare, upepo wa tairi ukiwa sawa na uzito wa dereva ukiwemo. Kisha, katika magari mengi ya mashindano, fundi huzungusha nati ya springi, kona baada ya kona. Asiharakishe: akiinua kona moja, ile iliyo mshazari nayo huongezewa mzigo.

Milimita huamua. Mwaka 2023, mjini Austin, Marekani, madereva wa Formula 1 Lewis Hamilton na Charles Leclerc walifutiwa matokeo kwa sababu ubao wa chini ya magari yao ulilika kupita kiasi kwa kusuguana na barabara.