Maharagi yanaweza kuiva bila mbabula ya usiku

Mama msomaji, na wewe baba unayejipikia, tuanze na ulizo. Maharagi yako ya jana yaliiva namna gani? Wamama wengi wa Bukavu, wa Goma na wa Butembo watajibu: "Niliyaacha juu ya mbabula usiku, asubuhi nikakuta yameiva." Juu ya jibu hili tunaandika ukurasa huu.

Tunajua sababu. Maharagi yanakawia, kazi ya mchana ni nyingi, na usiku ni baridi. Lakini mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa inaua watu. Wengine wanafikiri hatari ni moshi: "Moshi umeisha, makala yamekuwa mekundu, sasa tunaweza kulala." Hapana! Makala mekundu ndiyo yanayotoa hewa ya sumu, na hewa ile haina rangi wala harufu. Mtu aliyelala hawezi kuisikia. Inaingia katika damu na kukamata nafasi ya hewa nzuri. Ukiamka na kichwa kinauma sana, una kizunguzungu, unatapika, miguu imelegea, na wengine wa nyumbani vilevile, usiseme ni malaria tu. Fungua mlango, toa watu wote nje, kisha mwende hospitali upesi. Tena hatusemi habari ya mtoto anayeamka gizani na kujikwaa kwenye sufuria ya moto.

Sasa, juu ya nini maharagi yanakawia hivi huku kwetu? Si uvivu wa mpishi. Kando ya bahari maji yanachemka kwa digrii 100. Kwetu kando ya ziwa Kivu, ambalo liko karibu meta 1,460 juu ya bahari, yanachemka kwa digrii 95 hivi. Ndugu yako wa Kalemie, ambako ni chini zaidi, anakutangulia kidogo. Na angalia neno hili: maji yakisha kuchemka, hayazidi joto tena, hata ukimwaga makala nusu ya mfuko. Yanageuka mvuke tu. Basi makala unayoongeza yanapotea bure, na bei yake unaijua wewe mwenyewe kuliko sisi. Kinachoyaivisha maharagi ni kukaa muda mrefu ndani ya maji yenye joto kali. Ukiweza kulinda joto lile lisitoke, moto hauna kazi tena.

Wamama wa Uingereza walifanya hivyo wakati wa vita ya 1939-1945, kuni na makaa zilipokuwa shida. Walitia sufuria ndani ya sanduku lililojaa majani makavu. Sisi tuna kitunga, na kitunga kinatosha sana.

Tafuta kitunga kikubwa kupita sufuria yako. Jaza chini majani makavu ya ndizi au maganda makavu ya maharagi, uyashindilie, unene wake upate upana wa kiganja. Pande zote vilevile, sufuria ikae katikati kama yai ndani ya kiota. Kwa juu, shona mto kwa kikwembe cha zamani, uujaze majani yaleyale. Bulangeti ya zamani itafunika vyote. Sufuria nzuri ni ile yenye kifuniko kinachofunga sawasawa, tena iliyojaa. Sufuria nusu tupu inapoa upesi.

Usiku loweka maharagi katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji yale, tia mengine yapite maharagi kwa vidole viwili. Usitie mengi kama ulivyozoea, kwa kuwa ndani ya kitunga maji hayapungui. Unapowasha moto wa chai au uji, weka maharagi pia, yachemke kwa nguvu dakika 30 kamili.

Hapa usidanganye saa. Maharagi, zaidi yale mekundu, yana sumu yake ya asili. Mtu akila machache tu yasiyoiva anaweza kutapika sana na kuharisha baada ya saa chache. Sumu ile inakufa kwa kuchemka kwa nguvu, haifi kwa joto la polepole. Basi mwenye kuruka moto wa kwanza na kutegemea kitunga peke yake anapikia watoto wake ugonjwa.

Dakika 30 zikisha kutimia, usifungue kifuniko. Pangusa chini ya sufuria, maana kaa moja la moto likishikamana pale litaunguza kitunga chote. Tia sufuria ndani, funika, uende shambani au sokoni. Baada ya saa 4 fungua. Kama hayajalainika, yachemshe dakika 10, uyarudishe. Maharagi ya zamani, yaliyokaa ghalani toka mavuno mengine, yanahitaji hivi mara nyingi. Chumvi na tomati zitiwe mwisho, yakisha kulainika, pamoja na kitunguu na mawese, kisha yachemke tena dakika 15 mbele ya kula.

Mama mmoja atauliza: "Sasa niyaweke ndani ya kitunga usiku kucha?" Hapana, mama. Ukifungua, sufuria inapashwa kukuunguza mkono na mvuke utoke. Chakula kikiwa vuguvugu tu, vijidudu vinazaa humo kwa furaha, na vingine vinaacha sumu ambayo hata kuchemsha tena hakuiondoi. Kwa hiyo kitunga ni kazi ya mchana, na saa 5 zisipite bila kuchemsha. Uliyoyasahau mpaka jioni na yakapoa, yamwage. Inauma, tunajua, lakini mtoto mdogo anayeharisha atakuumiza zaidi.

Mchele unaiva humo vizuri: uchemke dakika 5, ukae saa moja, ule mara moja. Nyama ya mbuzi ikatwe vipande vidogo, ichemke dakika 30, ikae saa 3, ichemke tena. Lakini sombe ni habari nyingine. Majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwanga sana na kuchemsha bila kifuniko, mvuke ukitoka nje. Ukiyafunika kitungani toka mwanzo unaizuia ndani. Sombe ipikwe juu ya moto kama mama zetu walivyotufundisha.

Kila juma toa majani, uyaanike juani pamoja na mto. Yakilowa hayalindi joto tena, na yakinuka ubovu, yatupe kwenye shimo la takataka, uweke mapya.