Sahani ya Mtoto Hujazwa na Nani?

Huku kwetu Kwale husemwa kwamba kila mtoto huja na sahani yake. Sawa. Lakini mimi nauliza: sahani hiyo hujazwa na nani, na huoshwa na nani?

Mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikadiriwa kuwa mwanamke wa Kenya huzaa watoto 8 maishani. Utafiti wa mwaka 2022 ulipata 3.4. Wengi hudhani ni dawa tu za kupanga uzazi. Waama, zimesaidia, lakini dawa haizungumzi. Mke asiye na sauti nyumbani hudungwa sindano ya miezi mitatu kwa siri, na siku siri ikifichuka huwa ni vita. Mwingine huzaa tu mwaka hadi mwaka. Hapo anayeumia kwanza ni binti mkubwa: hubaki nyumbani kubeba mdogo wake mgongoni, na dawati lake shuleni likawa tupu.

Sasa tazama nyumba wanamoshauriana. Mjomba wangu ni mpishi katika hoteli moja huko Diani, naye mkazamjomba huuza viazi karai Ukunda. Mvua za Aprili zikianza, wageni hupungua, mjomba akapumzishwa bila mshahara. Karai ndiyo inayolisha nyumba. Basi walikaa wakapiga hesabu ya karo, wakakubaliana kungoja miaka 4 kabla ya mtoto wa pili. Marafiki zake wakasema, "Ati amekaliwa na mkewe!" Yeye hucheka tu, kwani mwanawe hajawahi kurudishwa nyumbani kwa karo.

Msidhani usawa ni kuzaa wachache tu, la hasha! Mtaalamu Peter McDonald wa Australia alieleza mwaka 2000 kwamba mwanamke akipata usawa shuleni na kazini, kisha nyumbani aachiwe mzigo wote, huishia kuzaa wachache mno. Mume akishika beseni la nepi, mke huweza hata kumtaka mwingine. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi 3, baba wiki 2. Je, wiki hizo zikiisha, nani ataamka usiku?

Wavulana wenzangu, swali hilo ni letu. Wasichana, msiogope kuliuliza kabla ya posa. Kidole kimoja hakivunji chawa.