Nilimwambia Ajikaze



Huku kwetu Mazingara, wilayani Handeni, karibu na soko kipo kibanda cha gemu. Ni chumba cha mabati chenye televisheni mbili na mabenchi ya mbao. Kwa muda mrefu nilikihesabu kibanda kile kuwa mshindani wangu. Katekista akiniletea majina ya watoro wa mafundisho ya Kipaimara, nilijua walipo. Nimewahi kukitaja hata kwenye mahubiri, na si kwa wema.

Mwaka jana kijana wa miaka 14 katika kigango chetu alifiwa na baba yake. Makaburini mzee mmoja wa ukoo alimshika bega akamwambia, "Jikaze, wewe ndiye mwanamume wa nyumba sasa." Nami nikaongezea, "Ndiyo mwanangu, jikaze." Akajikaza kweli, hakutoa chozi. Tulipoanua matanga akaacha kuja kanisani, na kila jioni akawa kibandani. Mama yake alinijia akilia: "Baba Paroko, mtoto amenipotea."

Siku hizo mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alikuja kunisalimia kutoka Dar es Salaam. Usiku, nikiwa nimemaliza Masifu ya Jioni, nikasikia kompyuta yake ikiongea Kiswahili. "Mjomba, njoo uone gemu inayosema lugha yetu," akaniita. Nikaenda, nusu kwa udadisi, nusu nimtume akalale.

Mchezo wenyewe unaitwa Tales of Kenzera: ZAU, na ulitoka Aprili 2024. Aliyeubuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza ambaye asili ya familia yake ni Kenya. "Huyu ndiye Alyn wa House of the Dragon," mpwa wangu akanieleza, kana kwamba parokiani tunaangalia habari za majoka. Mwaka 2017 Salim aliigiza sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins, mchezo unaosimulia juu ya baba wa Misri ya kale aliyeuawa mwanawe. Miaka kadhaa baadaye akatunga wa kwake, na safari hii mwombolezaji ni mtoto, anayemlilia baba. Hakuutoa hewani tu. Baba yake mzazi alikuwa amefariki, na Desemba 2023, kwenye hafla ya tuzo za michezo ya video huko Marekani, alisimama mbele ya watu akaueleza msiba wake waziwazi.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana Zau amefiwa na baba. Hakubali. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti wa ngano za Kibantu, na kupatana naye: nikikuletea roho tatu kubwa zilizokukwepa, unirudishie baba yangu. Silaha zake ni vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Niliposikia "mungu wa mauti" nilikunja uso. Mpwa wangu akacheka: "Mjomba, ni hadithi, kama za sungura na fisi alizokuwa akitusimulia bibi."

Hapo akanikumbusha moto wa jikoni kwa mama yangu. Mtambaji hakuwahi kusimulia peke yake. Akisema "Paukwa", tuliitikia "Pakawa", na wimbo wa ndani ya hadithi tuliuimba sote. Tusipoitikia, hadithi haiendi. Katika gemu ni vivyo hivyo, ila kiitikio kimehamia kwenye vidole. Mtoto asipobonyeza, Zau hasongi mbele. Ndiyo maana hadithi ya namna hii humshika mtoto kuliko mahubiri yangu ya dakika 40 anayoyasikiliza amekunja mikono.

Nikajaribu kumbana mpwa wangu: "Lakini mnafundishwa uongo. Mtu anakufa, anafufuka, anaendelea kucheza." Akanijibu: "Mjomba, Zau akianguka shimoni anarudi papo hapo. Baba yake ndiye asiyerudi, hata ucheze vipi." Kisha akanionyesha mibuyu iliyo njiani. Zau akifika penye mbuyu anaketi chini yake, anatafakari, na kipimo cha uhai wake kinaongezeka.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilifungua Injili ya Yohana, sura ya 11. Martha anatoka kumlaki Bwana na maneno yaliyo karibu kuwa lawama: angekuwepo, ndugu yake asingekufa. Bwana hamkemei. Kabla hajafika kaburini, ingawa anajua kwamba baada ya muda mfupi atamwita Lazaro atoke, analia. Nikajiuliza: kama mwenye uwezo wa kufungua kaburi alilia, mimi nilipata wapi mamlaka ya kumkataza mtoto wa miaka 14?

Kesho yake jioni nilikwenda kibandani. Kelele zilikatika, wawili wakatokea mlango wa nyuma. Nikalipia mechi moja, nikaketi karibu na kijana wetu. Nilifungwa tano bila. Alipoanza mechi ya pili, akasema bila kunitazama, "Baba alikuwa anachukua Arsenal." Kumbe kila Jumamosi, wakishauza mahindi sokoni, baba yake alikuwa akimleta pale, wanacheza mechi mbili ndipo warudi nyumbani. "Nikicheza Arsenal," akasema, "ni kama yupo pembeni." Ndipo akalia. Sikuwa na la kusema, nikanyamaza. Mwenye kibanda akapunguza sauti ya televisheni.

Msomaji wangu, sisemi kila gemu ni njema. Ipo inayofundisha kamari, ipo inayokula ada ya shule na saa za masomo, na mzazi ana wajibu wa kujua mwanawe anacheza nini, wapi na mpaka saa ngapi. Lakini kabla ya kumtoa mtoto kibandani kwa fimbo, keti naye umuulize anachokitafuta mle. Nanyi wanajumuiya, msiishie kwenye matanga. Mjane huletewa unga na maharage wiki ya kwanza, na mtoto wa marehemu huambiwa ajikaze. Mwezi wa tatu hakuna anayebisha hodi.

Nilimwomba kijana yule msamaha kwa neno langu la makaburini. Hajawa mtumishi wa altare, na haji kila Dominika. Lakini tulipoadhimisha Misa ya kumwombea baba yake, alikuwepo, benchi la nyuma kabisa, na wenzake wanne wa kibandani. Wakati wa maombi ya waamini alilitaja jina la baba yake kwa sauti.

Wiki hii, nyumbani kwako au jirani yako, yupo mtoto aliyefiwa. Mwombe akusimulie habari za marehemu. Akilia, mwache alie.

Nawatakia Dominika njema.