Kusakinisha Mfumo Endeshi katika Diski Mpya ya Kompyuta ya Mapajani

Diski ya kompyuta inapoharibika, kinachopotea si chombo tu. Mtafiti wa fasihi simulizi aliyerekodi masimulizi ya wazee vijijini huenda hana nakala nyingine ya sauti hizo, na baadhi ya wasimulizi wenyewe huenda wamekwisha kufariki. Diski hununuliwa dukani; sauti zile hazinunuliki. Kwa sababu hiyo kazi inayoelezwa hapa haianzi kwa bisibisi, bali huanza kwa kunakili.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kumbukumbu, diski, kibodi na skrini, na ambayo bila yake programu nyingine haziwezi kufanya kazi. Kitenzi kusakinisha kimetokana na sakini, yaani kukaa mahali: ni kuupa mfumo makao. Ieleweke basi kwamba mfumo mpya huja peke yake. Hauleti tasnifu, wala barua, wala rekodi zilizokuwa katika diski ya zamani.

Diski ya zamani ikianza kutoa mlio wa kugongagonga, au kuchukua muda mrefu kufungua faili ndogo, yafaa iachwe kutumiwa kwa kazi nyingine na yaliyomo yanakiliwe mara moja, yale yasiyo na mfano kwanza. Ikiwa ilifungwa kwa BitLocker, hapana budi kutafuta mapema ufunguo wake wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo kompyuta nyingine haitaweza kuisoma.

Kabla ya kununua diski mpya, aina ya nafasi iliyomo ndani ya kompyuta ichunguzwe. Kompyuta nyingi za miaka iliyopita hupokea diski bapa ya inchi 2.5, zile za karibuni hupokea kibao chembamba kiitwacho M.2, na si kila kibao cha M.2 huafikiana na kila kompyuta.

Kisha hutayarishwa flashi ya kusakinishia, aghalabu ya gigabaiti 8 au zaidi. Uchaguzi wa mfumo una uzito wake. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ambayo kompyuta nyingi kuukuu hazina. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, hupatikana bure na huridhika na mashine dhaifu. Penye intaneti ya bei ghali, afadhali kuchukua toleo lake kubwa lisilotegemea mtandao wakati wa kusakinisha, kuliko lile dogo linalopakua sehemu kubwa ya mfumo kazi ikiwa inaendelea. Faili iliyopakuliwa ihakikiwe kwa alama zake za SHA-256, kwa maana faili iliyokatika njiani huweza kukwamisha kazi katikati.

Betri ijazwe kabisa, hasa mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa. Kompyuta huwashwa huku kitufe cha F2, F12, Esc au kingine alichokichagua mtengenezaji kikibonyezwa, ndipo flashi ichaguliwe.

Hatua ya hatari ni ile ya kuchagua diski. Diski mpya ikiwa tupu, hakuna cha kuharibu; lakini mtumiaji aliyeacha diski yake ya akiba imechomekwa ubavuni anaweza kufuta hiyo badala ya ile mpya. Ichomolewe. Yafaa pia kuigawa diski mpya sehemu mbili, moja ya mfumo na nyingine ya kazi za mtumiaji, ili mfumo utakaposakinishwa tena siku nyingine, kazi zisiguswe.

Lipo jambo jingine linalowasumbua wengi nchini Kongo, nalo ni kibodi. Kompyuta nyingi hapa zina kibodi ya Kifaransa, ambamo A imekaa mahali pa Q, na Z mahali pa W. Programu ya kusakinisha ikiachwa katika mpangilio wa Kimarekani, nywila itakayoandikwa sivyo mwandishi anavyodhani, na kesho yake mpangilio ukisharekebishwa mlango hautafunguka. Mpangilio na uchaguliwe kwanza, nywila baadaye. Kwa bahati njema Kiswahili hakina herufi zenye alama za lafudhi, hivyo kibodi yoyote ya Kilatini hukiandika sawasawa. Kuhusu lugha yenyewe, kiwango cha ISO 639-3 kimekipa Kiswahili cha Kongo alama yake, swc, mbali na swh ya Kiswahili cha pwani; hata hivyo alama hiyo haimaanishi kwamba menyu zimetafsiriwa katika lahaja hiyo.

Mfumo ukishawaka, nakala hurudishwa na rekodi hufunguliwa moja moja zisikilizwe hadi mwisho, maana faili huweza kuonekana nzima na jina lake ilhali ndani imekatika. Diski ya zamani isifutwe wala kugawiwa mtu hadi uchunguzi huo ukamilike.