Kompyuta Inapopendekeza Wimbo

Anayemhimiza rafiki yake asikilize msanii fulani au podikasti mpya huwa anakijua kitu anachokisifu, na pia anamjua mtu anayemsifia. Programu ya muziki iliyomo kwenye simu haina ujuzi huo kwa maana yake ya kawaida, na bado mapendekezo yake mara nyingi huwa sahihi kiasi cha kuwashangaza watumiaji, kwa sababu kinachopimwa zaidi ndani yake ni ukaribu wa tabia za wasikilizaji wenyewe, wala si ubora wa wimbo.

Mbinu hiyo huitwa uchujaji shirikishi. Miongoni mwa mifumo ya mwanzo iliyoitumia kwa muziki ni Ringo, uliotengenezwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1994, ambapo washiriki walituma kwa baruapepe alama walizowapa wanamuziki, kuanzia 1 hadi 7, kisha kompyuta ikawatafutia watu wenye alama zinazokaribiana na zao na kuwapendekezea kile ambacho wenzao hao walikipenda. Msingi wake ni jedwali ambalo kila mstari ni wa mtu mmoja na kila safu ni ya kazi moja ya sanaa, na karibu jedwali zima ni tupu, kwa kuwa hakuna awezaye kusikiliza kila kitu. Ukubwa wa utupu huo ulidhihirika katika shindano la kampuni ya filamu ya Netflix la mwaka 2006 hadi 2009, lililoahidi dola milioni 1 kwa atakayepunguza makosa ya ubashiri wa kampuni hiyo kwa asilimia 10: wateja walikuwa takriban 480,000, filamu 17,770, na alama zilizotolewa zilizidi kidogo milioni 100, maana yake katika kila visanduku 100 vya jedwali, ni kimoja tu na ushei kilichokuwa na kitu. Kazi yote ya kitaalamu ni kuvikisia vilivyobaki.

Pandora, pia ya Marekani, ilishika njia tofauti tangu mwaka 2000, kwa kuwaajiri wanamuziki waliosomea fani yao wasikilize kila wimbo na kuuwekea alama katika sifa zinazofikia 450, kama vile mwendo wa mapigo na aina ya sauti ya mwimbaji. Njia hiyo ni ya polepole na ya gharama, lakini humudu jambo ambalo jedwali haliwezi, nalo ni kuupokea wimbo ambao haujapata msikilizaji hata mmoja.

Udhaifu mwingine wa kutegemea umati ulichunguzwa na watafiti Salganik, Dodds na Watts katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ambao uliwagawa washiriki zaidi ya 14,000 katika makundi yasiyowasiliana, wote wakichagua kati ya nyimbo zilezile 48 za bendi zisizojulikana. Katika makundi ambayo washiriki walionyeshwa idadi ya waliokwisha kuupakua kila wimbo, pengo kati ya nyimbo maarufu na zisizo maarufu lilipanuka, na wimbo uliovuma katika kundi moja uliweza kuwa wa kawaida tu katika jingine. Ni nadra nyimbo bora kuanguka na mbaya kupanda kileleni, ila zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, ziliachiwa bahati.

Kwa taarabu, hasara ya kutegemea umati ni kubwa zaidi. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, ilhali huduma ya muziki ya Spotify ilifunguliwa Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, hivyo mistari ya jedwali iliyopaswa kutoka kwa wasikilizaji wanaoijua sanaa hiyo ilichelewa mno. Kampuni za aina hiyo hujaribu kuziba pengo hilo kwa kuichambua sauti yenyewe moja kwa moja, lakini mkwaruzo wa santuri ya zamani nao husomwa kama sehemu ya sauti, na katika nyimbo za mipasho hesabu ya mapigo haielezi ni nani anayepigwa kijembe, ingawa kwa wasikilizaji wengi hilo ndilo linaloufanya wimbo mmoja ustahili kusikilizwa kabla ya mwingine.